Maua ya Kula: Maswali Yenu

SWALI: Nimekaanga maua ya maboga mara mbili. Kwanza yalikuwa machungu, kisha yakanywa mafuta yakawa tepetepe. Na tangu nianze kuyachuma, mmea hauzai. Nakosea wapi?

JIBU: Mmea hauzai kwa sababu unachuma maua ya kike. Tazama chini ya ua: la kike lina kiboga kidogo mfano wa gololi, la kiume limekaa juu ya kikonyo chembamba kirefu. Chuma la kiume, ukibakiza machache nyuki wapate chavua. Uchume asubuhi, kabla hayajajifunga.

Uchungu mara nyingi hutoka kwenye kijiti chenye chavua kilicho katikati na vile vijani vya kijani kitakoni. Ving'oe vyote, na ukungute ua vizuri, maana wadudu hujificha humo. Petali zenyewe zikiwa chungu kama shubiri, tema utupe mengine. Mmea wenye uchungu huo hudhuru tumbo.

Ulegevu una chanzo chake: maji na mafuta yasiyochemka sawasawa. Ukiyaosha, yakaushe kabisa kwa kitambaa. Koroga unga wa ngano gramu 100 na maji baridi mililita 150 na chumvi kidogo, ila usikoroge sana, uji utavutika kama gundi. Dondoshea tone kwenye mafuta: likizama na kukaa chini, subiri, likiibuka papo hapo likichemka, tia maua matatu au manne, si zaidi. Dakika mbili zinatosha.

SWALI: Waridi la shada la zawadi naweza kulitia kwenye sharubati?

JIBU: Hapana. Maua ya mapambo hupigwa dawa zisizokusudiwa chakula, na kuosha hakuziondoi zote. Tumia waridi lililooteshwa bila dawa, na ukate ile ncha nyeupe chini ya kila petali, ndiyo chungu.

SWALI: Rosela huliwa ua au tunda?

JIBU: Si hili wala lile. Ni vile vikombe vyekundu vyenye nyama vinavyobaki kuzunguka tumba la mbegu ua likishanyauka. Gramu 25 za vikavu kwa lita moja ya maji ya moto, dakika 15, kisha chuja. Epuka sufuria ya alumini, kwani rosela ina asidi nyingi. Usidhani kila ua jekundu bustanini ni jamaa yake: oleanda nayo inapendeza, na ni sumu tangu jani hadi ua.