Fomu ya kujaza kwenye Word: nukta zinasogea, lakini ugomvi wako si na nukta

Mkuu, umesema wewe ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Umechapa fomu ya maombi ya mkopo kwenye Word, ukaweka nukta nukta pa kuandikia, ukawatumia wanachama, na kila mmoja anairudisha imevurugika: nukta zimesukumwa hadi mstari wa pili, "Sahihi ya mdhamini" imehamia ukurasa wa tatu peke yake. Nawe unasema umeijaribu na kwako inafanya kazi. Waliotangulia hapo juu wamekuambia utumie Google Forms na kuachana na Word. Siwapingi, ila kikundi kama chako kinataka karatasi yenye sahihi ya mkono, picha ya pasipoti na muhuri wa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo fomu ya Word bado ina kazi yake. Nimeshughulikia fomu za namna hiyo kwa miaka sita katika chama kidogo cha akiba na mikopo cha walimu, na karibu kila kosa nitakalolitaja hapa nililifanya mimi mwenyewe.

Tumalize la nukta. Nukta ni herufi kama herufi nyingine. Mtu akiandika katikati yake hazimpishi, zinasogea mbele na kusukuma kila kilichoko nyuma yake. Zifute zote. Chora jedwali lenye safu wima mbili, kushoto swali, kulia jibu, kisha ondoa mistari yote ya jedwali ubakize ule wa chini wa kila kisanduku cha jibu. Ukiprinti utaona mstari safi wa kuandikia, na mtu akichapa juu yake hakuna kinachohama. Hata ukiishia hapo tu, nusu ya tatizo lako imekwisha.

Sasa visanduku vyenyewe. Kwenye Word nenda File, halafu Options, halafu Customize Ribbon, na upande wa kulia weka tiki kwenye Developer. Kichupo kipya kitatokea juu. Humo utaona vitufe viwili vyenye herufi Aa. Weka mshale juu yake vikuambie majina, uchague Plain Text, usichague Rich Text. Tofauti yake niliijua baada ya mwanachama mmoja kubandika kwenye sehemu ya "Sababu ya mkopo" jedwali zima la makisio ya ujenzi wa banda la kuku, na rangi zake. Rich Text inapokea kila kitu. Plain Text inapokea maneno tu. Ukishaweka kisanduku, bofya Properties, kipe jina, na uweke tiki panapozuia kisifutwe. Bila hiyo tiki kuna mtu ataweka Backspace moja ya ziada na kisanduku kitapotea.

Ndani ya kila kisanduku Word inaweka maneno ya Kiingereza ya rangi ya kijivu, yanayomwambia mtu abofye aandike. Ukibonyeza Design Mode unaweza kuyabadilisha yakawa Kiswahili, mfano "Andika jina kamili". Lakini jambo hili sikuambiwa na mtu: mwanachama asipojaza, hayo maneno ya kijivu yanatoka kwenye printa. Fomu yetu ya kwanza ilifika kwenye kamati ya mikopo, mahali pa jina la mwenza pameandikwa "Click or tap here to enter text". Mjumbe mmoja mzee, mwalimu mstaafu, akavaa miwani yake, akasoma kwa utulivu, kisha akauliza kama huyu mke anaitwa Click ni mwenyeji wa wapi. Tangu siku hiyo sehemu zote zisizo za lazima naziwekea nafasi tupu chache badala ya maneno. Maelekezo nayaandika upande wa swali.

Visanduku vya tiki navyo vina kituko chake. Ukibofya kile cha Word, kwa kawaida hakitoi tiki, kinatoa X. Kwa Mmarekani X ndani ya kisanduku maana yake nimechagua hiki. Sisi tuliosahihishiwa madaftari kwa kalamu nyekundu tunajua vizuri X ni nini: ni kosa. Tulikuwa na sentensi "Nakubali kukatwa marejesho kwenye mshahara" na kisanduku pembeni. Mhasibu akapokea fomu kumi na kitu zenye X, akazitenga zote kama watu waliokataa kukatwa, na mikopo yao ikalala wiki nzima. Kosa halikuwa lake. Ingia Properties ya kisanduku, kuna mahali pa kubadilisha alama ya kilichochaguliwa, chagua fonti ya Wingdings na utafute tiki. Halafu kumbuka kwamba visanduku hivi havijuani: mtu anaweza kuweka tiki kwenye "Ndiyo" na "Hapana" zote mbili na Word isiseme neno. Pale panapotakiwa jibu moja tu, tumia orodha ya kuchagua.

Ila orodha ya kuchagua nayo ina mtego. Ikiprintiwa tupu haionyeshi yaliyomo. Mwanachama asiye na kompyuta akipewa ile karatasi stesheneri, anaona mstari mmoja tu, hajui kuna machaguo gani. Ndiyo maana mimi nina matoleo mawili ya kila fomu, la kuchapa na la kalamu, na yana majina tofauti ya faili. Kulazimisha fomu moja ifanye kazi zote mbili kulinichosha mpaka nikaacha.

Tarehe. Kitufe cha kalenda ni kizuri kwa tarehe ya kuomba mkopo, ni adhabu kwa tarehe ya kuzaliwa. Kalenda inafunguka mwezi huu tuliomo. Mwanachama aliyezaliwa 1968 anaanza kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja, hajui kwamba angeweza kuandika tu kwa mkono. Weka kisanduku cha maneno cha kawaida na mfano pembeni. Pale unapotumia kalenda, andika muundo dd/MM/yyyy, na hiyo MM iwe ya herufi kubwa. Niliandika mm ndogo, ambayo kwa Word ni dakika, na fomu zikatoka na tarehe kama 14/00/2021. Mwezi wa sifuri! Nilipojaribu mwenyewe niliangalia siku na mwaka, macho yakapita katikati.

Kuna aina ya pili ya visanduku, vile vya zamani, viko humo humo kwenye Developer chini ya Legacy Tools. Watu huvidharau ila vina mambo mawili ambayo vipya havina: unaweza kuweka kikomo cha idadi ya herufi, na vinapiga hesabu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiweka kikomo cha 20 mtu hawezi kuandika 21, ingawa bado anaweza kuandika 19. Hesabu tuliitumia hivi: kisanduku cha kiasi kinaitwa Mkopo, na kisanduku cha jumla ya marejesho kina =Mkopo*1.12 kwa riba yetu ya asilimia 12. Mtu akiandika 2,000,000 akabonyeza Tab, kinajaza 2,240,000 chenyewe, ilimradi umeweka tiki kwenye "Calculate on exit" katika kile cha kiasi. Hiyo tiki nimeisahau mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Usije ukanakili kisanduku kimoja na kukibandika sehemu nyingine ili kuokoa muda. Kwanza, nakala inatoka haina jina, kwa hiyo fomula haitaiona. Pili, inabeba tabia zote za mama yake. Mimi nilinakili kile cha kiasi cha mkopo, chenye muundo wa koma kwenye maelfu, nikakifanya cha namba ya simu. Namba zilitoka 712,345,678. Sifuri ya mbele imeondoka, koma zimeingia. Namba ya simu, NIDA, TIN (ya mlipa kodi) na akaunti ya benki visiwe vya aina ya namba hata siku moja. Hakuna atakayezijumlisha. Viweke vya maneno.

Vya zamani navyo vina mipaka: havifanyi kazi mpaka fomu ifungwe kwa ulinzi, na orodha yake ya kuchagua haizidi vitu 25. Sisi tulitaka mikoa. Tanzania ina mikoa 31, ikagoma kwenye wa 25. Chagua familia moja ya visanduku kwa fomu nzima, usichanganye. Ukichanganya utahangaika kutafuta kosa liko upande gani.

Kufunga ni rahisi: humo humo Developer bofya Restrict Editing, chagua "Filling in forms", anza ulinzi, weka nywila. Baada ya hapo mtu anaandika ndani ya visanduku tu, na Tab inampeleka kutoka kimoja hadi kingine kwa mpangilio vilivyo kwenye ukurasa. Kama huna haja ya nywila na umetumia visanduku vipya, chagua hati yote kwa Ctrl+A kisha bofya Group pale Developer. Maandishi ya fomu yanaganda, visanduku vinabaki wazi.

Na hapa ndipo uliposema "nimeijaribu, kwangu inafanya kazi". Bila shaka. Kwangu pia ilifanya kazi. Aliyetengeneza fomu anajua pa kubofya, ana fonti zote, na jina lake linaenea kwenye mstari. Mimi sasa nawapa watu watatu: mmoja wa ofisini anayejua kompyuta, mmoja asiyeipenda, na mmoja mwenye simu tu. Nakaa nyuma yao nimefunga mdomo, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Dada wa mapokezi alibonyeza Enter baada ya kila jibu badala ya Tab, akashangaa kisanduku kinatanuka kwenda chini. Nikarudi nikazima ruhusa ya mistari mingi kwenye visanduku vyote isipokuwa cha sababu ya mkopo.

Mwenye simu ndiye aliyeniumbua. Fomu iliyofungwa kwa Restrict Editing ilifunguka vizuri kwenye simu yake, inasomeka, ila haimruhusu kuandika hata herufi. Word ya kwenye kivinjari nayo inafanya hivyo hivyo. Kama wanachama wako wengi wana simu pekee, jua hilo kabla hujatumia jioni tatu kupamba visanduku. Wala kuhifadhi kama pdf kutoka Word hakukusaidii, maana visanduku vinakufa na unabaki na picha ya fomu. Kwa hao natumia LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure: unachora visanduku kwa upau wa Form Controls, kisha unatoa pdf huku umeweka tiki kwenye "Create PDF form". Pdf hiyo inajazika, ingawa si kila programu ya kusomea pdf kwenye simu inaruhusu kuandika, kwa hiyo jaribu na ile ambayo wanachama wako wanayo kweli.

Kisha printi. Printi tupu, na printi iliyojazwa kwa majibu marefu kuliko yote unayoweza kufikiria: majina manne, kijiji chenye jina refu, sababu ya mkopo yenye aya nzima. Nilikuwa nimefunga urefu wa mistari ya jedwali kwa kipimo kamili ili ukurasa usihame, nikajisifu. Kwenye kamati sababu ya mkopo wa mama mmoja ikasomeka "kulipa ada ya mtoto wa kidato cha" na kuishia hapo. Mengine yalikuwemo kwenye faili, ila karatasi haikuwa na nafasi ya kuyaonyesha. Kwa kisanduku hicho weka urefu wa mstari uwe "At least", yaani angalau, kitanuke kinapotaka. Halafu angalia saizi ya karatasi. Word nyingi zinakuja zimewekwa Letter ya Kimarekani, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa karibu sentimita mbili, kwa hiyo mistari ya mwisho inaweza kukimbilia ukurasa unaofuata.

Ukiridhika, hifadhi kama kiolezo, faili la .dotx. Mtu akilibofya mara mbili linafungua nakala mpya tupu. Sisi tulisambaza .docx, karani akawa anajaza humo humo na kuhifadhi, na siku moja mwanachama akatumiwa fomu "tupu" yenye mshahara na namba ya NIDA ya mwenzake. Nilipiga simu mbili za kuomba radhi siku hiyo.

Nywila iandike kwenye daftari la vikao. Ukiisahau, fungua hati mpya, nenda Insert, kwenye Object chagua "Text from File", ingiza ile fomu, na itaingia bila ulinzi wowote. Nimeokoka hivyo mara mbili. Lakini kama mimi naweza, mwanachama naye anaweza, anabadilisha riba iwe asilimia 2 na kukurudishia fomu inayofanana kabisa na yako. Ndiyo maana ukurasa wa masharti hatuutumi kwa mtu. Tunauprinti ofisini na anausaini mbele yetu.