Shoti ya kiwiko ni ya neva, si ya mfupa
Mfupa hauhusiki hapo. Ukijigonga kiwiko kwenye kona ya meza ukahisi kama umepigwa shoti, kilichogongwa ni neva ya alna, mmoja wa mishipa ya fahamu ya mkono. Inatokea shingoni, inashuka na mkono, na ikifika nyuma ya kiwiko upande wa ndani inapita juu juu kati ya ngozi na mfupa, bila nyama ya kuikinga. Neva hiyo ndiyo inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake, ndiyo maana ganzi inakimbilia huko. Gumba halihisi kitu. Papasa taratibu hapo nyuma ya kiwiko utaikuta neva hiyo, inateleza kama uzi mnene. Sisi tulionyeshwa hivyo darasani, uuguzi. Kwa kawaida huisha yenyewe muda si mrefu, ila ganzi ikikaa siku kadhaa au vidole vikilegea, nenda ukaonwe.