Fleti ni yangu, jengo ni la wote: nikate bima gani?

SWALI: Habari za hapo. Nimenunua fleti ya vyumba viwili Kilimani, Nairobi, ghorofa ya tatu, tunalipa sevis chaji kila mwezi na menejimenti inasema bima imo humo humo. Sasa agenti ananiambia nikate yangu, jengo na vitu vyote. Si nitakuwa nalipa mara mbili jameni? – Mama wa Kilimani

JIBU: Kwa jengo, ndio, unaweza kulipa mara mbili. Ile sheria ya fleti ya Kenya ya 2020 (Sectional Properties Act) inaipa koporesheni, yaani chombo cha wenye fleti wote, jukumu la kukatia jengo bima, yaani kuta, paa, ngazi, lifti. Kwa hivyo kabla hujasaini chochote omba menejimenti kopi ya mkataba wao wa bima, sio risiti, kopi yenyewe, uone imelipiwa mpaka lini, jengo limekatiwa shilingi ngapi na inaishia wapi ukishaingia mlangoni kwako, maana makabati na jipsamu uliyoongeza mwenyewe huenda hayamo. Wakianza kukuzungusha, shaka hiyo.

Domestiki pakeji ya hapa kwetu, yaani bima ya nyumba ya mambo kadhaa kwa pamoja, ina sehemu A mpaka F na si lazima uchukue zote. A ni jengo, katia tu ulichoongeza (kama kuna mkopo ongea na benki kwanza). B ni vitu vya nyumbani, C vile unavyotembea navyo kama laptopu, D ni mfanyakazi wako akiumia kazini. E na F, za madai ya watu wengine dhidi yako, watu huziruka na mimi ningeanzia hapo, kwa sababu kwenye fleti maji husumbua kuliko mwizi: paipu ya mashine ya kufua inapasuka uko ofisini, siling ya jirani wa chini inaanguka, ikionekana ni uzembe wako anakudai wewe. E inakukinga kama mwenye nyumba, F kama mkaaji. Ukipangisha, vitu vya mpangaji ni shauri lake, wewe shika E na uulize kava ya kodi ya nyumba ukiikosa.

Na kwa B usiandike thamani ndogo ati premiamu ishuke. Vitu vya milioni 2 ukiviandika milioni 1, umekatia nusu tu, kwa hivyo hasara ya 400,000 unalipwa 200,000 halafu watoe eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Paipu inayovuja polepole tangu mwaka jana nayo hawalipi, hiyo mwite fundi tu.