Shokapu za mbele zinazama: oili nzito au springi mpya?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye kioo cha upepo na masanduku matatu. Mimi nina kilo 98, na mara nyingi nasafiri na mke wangu. Nikikamata breki ya mbele pua inazama mpaka nasikia chuma kikigonga. Ila nikipita kwenye rasta au lami yenye viraka, mikono inapigwa kana kwamba sina shokapu kabisa. Shokapu zenyewe ni za kawaida, hazina skrubu yoyote ya kurekebisha. Rafiki mmoja ananishauri niweke oili nzito, mwingine anasema ning'oe zote nifunge za pikipiki ya mbio. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Anzia kwenye springi, na kabla hujanunua springi anzia kwenye rula.

Ulalamishi wako unaonekana kama unapingana wenyewe, laini mno na ngumu mno kwa wakati mmoja, lakini chanzo kinaweza kuwa kimoja. Springi ikiwa dhaifu kwa uzito wako, ukikaa tu tayari umeshakula sehemu kubwa ya mwendo wa shokapu. Unaendesha ukiwa karibu na mwisho. Huko chini hewa iliyofungiwa juu ya oili imeshabanwa, na hewa iliyobanwa ni springi ngumu. Ndiyo maana rasta zinakupiga mikono, na ukigusa breki hakuna nafasi iliyobaki.

Oili nzito haibebi uzito. Inachelewesha tu. Kwenye mteremko mrefu ambapo breki inashikiliwa, pua itafika chini vilevile, ila kwa utaratibu. Tena itakuongezea tabu kwenye rasta, na sababu iko ndani ya shokapu za aina yako: kuna fimbo yenye matundu ya kudumu, na oili lazima ipite hapo. Chukua bomba la sindano lenye maji. Ukisukuma taratibu yanatoka bila shida, ukisukuma kwa nguvu yanagoma. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani kwenye tundu unakaribia mara nne. Kwenye breki bomba linashuka polepole, kwa hiyo matundu hayakusaidii. Kwenye rasta linashuka ghafla, matundu yanagoma, kipigo kinakwenda moja kwa moja kwenye usukani. Na oili nzito inachelewesha pia shokapu kurudi juu: rasta ya pili inakukuta bado umebonyea, ya tatu umebonyea zaidi.

Sasa rula. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele likiwa hewani kabisa, upime bomba linalong'aa kuanzia kifuta vumbi mpaka clampu ya chini (kile kishikio kinachobana mabomba ya shokapu). Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kisha ishushe, kaa juu yake na mavazi yako ya safari, mtu mmoja akishikilia nyuma isianguke. Wa tatu aibonyeze mbele, aiachie ipande polepole, apime. Halafu aiinue kidogo, aiachie ishuke polepole, apime tena. Vipimo hivi viwili havitalingana kwa sababu ya msuguano wa sili na busha (pete zinazoongoza bomba linapoteleza), kwa hiyo chukua wastani wake, utoe kwenye kile cha kwanza. Kwa pikipiki ya barabarani tunatafuta milimita 30 hadi 35. Ukipata 50, jibu la swali lako unalo tayari.

Wengi wakifika hapo huongeza spesa, kipande cha kuibana zaidi, juu ya springi. Spesa inainua pikipiki, haifanyi springi kuwa ngumu. Springi ya kilo 0.8 kwa milimita itadai kilo 0.8 kwa kila milimita hata uibane vipi. Dalili ya kudanganywa na spesa ni hii: ukiwa umekaa kipimo ni kizuri, ukishuka pikipiki haizami karibu hata kidogo kwa uzito wake yenyewe. Hapo springi ni dhaifu, imefichwa tu.

Nunua springi za mkazo mmoja, kwa uzito wako halisi pamoja na mavazi. Usishangae jedwali la muuzaji likikupeleka 0.95 au zaidi, wakati za kiwandani kwa pikipiki nyingi za namna hii ni laini kuliko hapo. Zile ambazo ugumu wake unapanda kadiri zinavyobonyea zinauzwa sana kwa watu wa safari, na wapo wanaozipenda. Mimi sizipendi kwenye mashine nzito: ile sehemu laini inaliwa na uzito wa pikipiki kabla hujatoka nyumbani. Mkeo usimhesabu sana huku mbele. Uzito wake mwingi unakwenda nyuma. Yeye na masanduku ni kazi ya shokapu ya nyuma. Nyuma ikilala, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika angani.

Springi zikishakaa, endesha kwanza. Rasta zikiendelea kukusumbua, hatua inayofuata ni valvu ya nyongeza inayokaa juu ya ile fimbo. Ina kisahani kilichoshikiliwa na springi ndogo: kipigo kikija ghafla kinafunguka, oili inapita. Ili ifanye kazi, matundu ya kubonyea kwenye fimbo lazima yatobolewe makubwa, na ukishatoboa hakuna kurudi nyuma. Kumbuka valvu hiyo inashughulikia kubonyea tu. Kurudi juu bado kunategemea uzito wa oili, na hapa usiamini namba iliyoandikwa kubwa kwenye chupa. 10 ya kampuni moja inaweza kuwa nyepesi kuliko 10 ya nyingine. Tafuta kipimo cha cSt (kinachoonyesha oili ni nzito kiasi gani) kwa nyuzi 40, ndicho cha kulinganisha.

Za pikipiki ya mbio achana nazo. Mara nyingi ni fupi, springi zake zimetengenezwa kwa mashine nyepesi, na zinakuja na madai yao: clampu, ekseli, gurudumu, breki, kihisi cha ABS. Utamaliza pesa ndipo uanze kutafuta springi.

Ukifungua, legeza bolti za clampu ya juu kabla ya kulegeza kifuniko, na uso wako usiwe juu yake, springi inakisukuma. Kagua busha: rangi ya shaba ikionekana chini ya kijivu, badilisha. Geuza usukani usikie beringi za shingo kama zinakwama mahali. Usawa wa oili pima springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa mpaka mwisho, pande zote mbili sawasawa. Wakati wa kufunga, kaza ekseli, bonyeza pikipiki mara kadhaa, ndipo ukaze bolti zinazobana ekseli chini ya mguu. Ukizikaza mapema, mabomba yanakaa kombo na shokapu zinakwama. Nyingi zinazoletwa kwangu kama "mbovu" ni hilo tu.

(Kama yako ni BMW yenye Telelever, mfumo ulioanza na R1100RS ya 1993, au Gold Wing ya 2018 kuja huku, sahau haya yote, huko springi na shokapu haviko ndani ya yale mabomba.)

Mwisho funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba linalong'aa, uisukume mpaka kwenye kifuta vumbi. Endesha njia yako ya kawaida, ukamate breki kwa nguvu mara chache. Kamba ikisimama milimita 10 au 15 kabla ya mwisho, umefika. Ikigonga mwisho, pandisha oili milimita 5, ujaribu tena. Ikibakiza 40, punguza.