Fundi ameacha ringi kwenye kiungo

SWALI: Injinia, shikamoo. Najenga ghorofa moja hapa Bukoba. Nondo za nguzo zimesukwa vizuri, ila pale nguzo inapokutana na bimu fundi ameacha kama sentimita 40 bila ringi hata moja, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kuzifunga nondo za nguzo. Anasema nondo za bimu zimejaa pale, zinatosha. Shemeji naye anasema ningejenga kwa chuma nisingekuwa na shida hii. Nifanyeje?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba. Simamisha zege leo hii.

Jengo likiyumba, nondo ileile ya bimu huvutwa upande mmoja wa nguzo na kusukumwa upande wa pili. Kiungo kinapindwa kama fremu ya kitanda iliyolegea, zege linapasuka mshazari, huku na huku, hadi unaona X. Ringi ndizo zinazolishika zege hilo lisimwagike. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 huko kwenu, niliingia jengo moja nikachomoa vipande vya zege kwenye kiungo kwa vidole tu. Ndani palikuwa na nondo nne za wima zilizopinda kwenda nje. Ringi hapana. Bimu ikichoka, sakafu inabonyea na watu wanapata muda wa kutoka. Kiungo kikiachia, vyote vilivyo juu yake vinashuka.

Fundi anasema kweli kwamba pamebana. Dawa ni mpangilio: suka bimu ikiwa imeinuliwa juu ya mbao, valisha ringi kwenye nguzo, ndipo uishushe bimu mahali pake. Ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya zege, digrii 135; za digrii 90 hufunguka. Kwenye nguzo za pembeni, nondo za bimu zivuke hadi ng'ambo ya nguzo kisha zikunjwe humo humo kiungoni. Kokoto ziwe ndogo, zipenye.

Shemeji mwambie habari ya tetemeko la Northridge, California, Januari 17, 1994. Majengo ya chuma hayakuanguka, lakini mafundi walipobandua kuta walikuta welding ya bimu na nguzo imepasuka, hasa upande wa chini, mahali pengine ufa umeingia hadi kwenye nguzo. Baadaye wahandisi walianza kuipunguza bimu upana mbele kidogo tu ya nguzo, ili ipinde pale na kiungo kisalimike.

Nafasi ya ringi iliyo kwenye mchoro, chini kidogo ya bimu, iendelee ileile hadi juu ya kiungo. Panda ngazi uzihesabu mwenyewe, nguzo moja moja, kabla mashine ya zege haijawashwa.