Fundi Anajibu: Pampu ya maji ya kempa na umeme unaopotelea njiani

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Naendesha Land Cruiser ya watalii iliyogeuzwa kempa, yaani gari la kulala safarini, ina tangi la lita 60 na pampu ya volti 12 karibu na mlango wa nyuma. Pampu ilianza kusukuma maji kwa unyonge, sasa inanguruma tu. Nilichomoa nyaya zake nikapima, nikapata volti 12.6. Nikaona umeme hauna tatizo, nikanunua pampu mpya. Nayo inanguruma vilevile. (Dereva, Arusha)

JIBU: Njema, ndugu dereva. Pampu ya zamani usiitupe, huenda ni nzima kabisa. Tatizo ni namna ulivyopima. Mita yenyewe haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utakuonyesha volti 12.6 pampu ikiwa imechomolewa. Mota ikianza kuvuta ampia 5 au 6, hapo ndipo volti zinapopotelea kwenye kiungo kibovu. Pampu hupimwa ikiwa imeunganishwa, imewashwa, na koki imefunguliwa.

Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), kipimo cha 20, na anzia kwenye vichwa vya betri pampu ikiwa inahangaika. Zikishuka chini ya 12, shughulika na betri kwanza. Betri ya kawaida ya maji ya asidi iliyopumzika saa kadhaa bila chaji husoma karibu 12.7 ikiwa imejaa, na 12.2 ikiwa nusu. Betri ikiwa sawa, pima kwenye nyaya za pampu. Tofauti kati ya hapo na kwenye betri isizidi nusu volti. Ukikuta 12.4 kwenye betri na 10 kwenye pampu, umeshampata mwizi, bado kujua amejificha upande gani.

Kwa hilo, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya wa pampu, pampu ikiwa imewashwa. Namba utakayoisoma ni volti zinazopotea njiani upande wa chanya. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi. Kila upande ukipoteza robo volti hivi, si neno. Ukiona volti 2 kwenye hasi, chanya usiiguse. Ukiona volti 12 nzima, upande huo umekatika kabisa.

Kwa magari ya aina yako, sisi tungeanza na hasi. Waya wake mara nyingi hufungwa kwa skrubu moja kwenye bodi, juu ya rangi, chini ya tangi, mahali panapolowa na kutikiswa na barabara za vumbi kila siku. Fungua, kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae, bana terminali mpya ya duara, kaza, kisha paka grisi juu. Afadhali zaidi uvute waya wa hasi mpaka kwenye betri na kuachana na bodi kabisa.

Tatizo likiwa upande wa chanya, acha ncha moja kwenye betri na usogeze nyingine hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya swichi, baada yake, kwenye kila soketi. Namba itakaporuka ghafla, umefika. Kishikio cha fyuzi chenye plastiki iliyogeuka kahawia ni mshukiwa mkubwa, na swichi ndogo iliyotengenezewa taa inafuatia.

Viungo vyote vikiwa safi na bado volti zinapotea, waya ni mwembamba. Kutoka betri ya mbele hadi mlango wa nyuma ni kama mita 6, na kurudi 6. Kwa ampia 6, waya wa milimita 1.5 za mraba hupoteza karibu volti 0.84, wa 2.5, volti 0.5, wa 4, volti 0.3. Weka wa 4, na usidanganywe na unene wa plastiki ya nje, tazama shaba.

Ikiwa siku nyingine pampu itanyamaza kabisa huku volti zinafika, angalia swichi ya presha, ile kofia ndogo kwenye kichwa cha pampu yenye nyaya mbili. Fungua koki kwanza, kisha unganisha nyaya hizo mbili kwa kipande cha waya. Pampu ikiwaka, swichi hiyo imeungua midomo yake (vibati vinavyogusana ndani) na inauzwa peke yake kwa pampu nyingi. Usiiache imeungwa hivyo, maana pampu haitazima yenyewe na presha itapasua mpira au kiungo cha bomba.

SWALI: Fyuzi ya pampu yangu ilikuwa inakatika kila mara. Fundi akaniwekea ya ampia 30. Sasa haikatiki, lakini waya unakuwa moto. Ni sawa? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Si sawa hata kidogo, itoe leo. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya usiwake moto ndani ya mbao na magodoro. Tazama kibandiko cha pampu: inayovuta ampia 6 au 7 kwa kawaida huandikiwa fyuzi ya 10. Iwekwe karibu na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote.

Sasa tafuta chanzo. Chomoa pampu, weka fyuzi ya 10, washa swichi. Ikikatika bila pampu, kuna shoti kwenye waya. Badala ya kumaliza pakiti ya fyuzi, chukua balbu ya breki ya wati 21 na uiunganishe mahali pa fyuzi. Itawaka kwa nguvu. Tembea na waya ukiutikisa, hasa pale unapopita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga, chini ya reli za kiti, na nyuma ya kabati palipopigwa skrubu. Balbu ikizima au ikipepesa, simama hapo.

Fyuzi ikikatika pampu inapounganishwa tu, pampu imekwama. Fungua skrubu za kichwa, kitoe, ujaribu mota peke yake. Ikizunguka kirahisi, kichwa ndicho kina mchanga au magadi ya maji ya kisima, kwa hiyo kisafishe na uweke chujio kabla ya pampu. Ikigoma bila kichwa, beringi imeshika kutu au mota imeungua. Hapo nunua nyingine bila kujilaumu.

SWALI: Hamjambo. Naishi karibu na Hamburg, nimenunua kempa ya mtumba. Koki ya bafuni nikiifungua pampu inawaka, ya jikoni nikiifungua kimya. Pampu yenyewe imezamishwa ndani ya tangi. (Msomaji, Ujerumani)

JIBU: Hatujambo. Mfumo wako hauna swichi ya presha. Kila koki ina swichi yake ndogo ndani, na zote zinaamrisha pampu moja. Bafuni inafanya kazi, kwa hiyo pampu, fyuzi na betri ni wazima. Ingia chini ya sinki, tafuta nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye koki, zichomoe, kisha ugusanishe zile mbili za upande wa gari, si za koki. Pampu ikiwaka, swichi ya koki imekufa. Isipowaka, waya wa kwenda jikoni umekatika. Ugonjwa wa kinyume upo pia: swichi iliyoingiwa na maji hung'ang'ania ikiwa imewashwa, pampu ikakesha inazunguka. Chomoa koki mojamoja mpaka inyamaze.

Majira ya baridi utamwaga maji yote na kuacha koki wazi ili barafu isipasue kitu. Zima swichi kuu ya pampu kabla ya hapo. Koki zilizo wazi zitaiwasha, nayo izunguke kavu mpaka iungue.

SWALI: Usiku, koki zote zimefungwa, pampu inalia sekunde moja kila baada ya dakika chache. Ni shoti? (Dodoma)

JIBU: Hapana, hilo ni la maji. Presha inavuja mahali, nayo pampu inairudishia. Pitisha karatasi ya chooni kwenye viungo vyote. Usipoona unyevu, valvu za ndani ya pampu zinarudisha maji kwenye tangi. Lakini pampu isiyozima kabisa wakati tangi lina maji inaweza kuwa na volti pungufu: inazunguka bila kufikia presha ya kujizima. Hapo rudi kwenye vipimo tulivyompa dereva wa Arusha.

SWALI: Lori langu ni la volti 24. Nimechukua 12 za pampu kutoka betri moja kati ya mbili. Kuna ubaya? (Mombasa)

JIBU: Upo, ila utauona baadaye. Betri hiyo huisha peke yake, alteneta (jenereta ya injini) huzichaji zote mbili kama moja, basi moja hubaki na njaa na mwenzake huzidishiwa chaji. Zote mbili hufa mapema. Nunua pampu ya volti 24, au kibadilishi cha 24 kwenda 12 chenye ampia 15 au zaidi, kwa sababu mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake na kibadilishi kidogo kitajizima kila unapofungua koki.