Muulize Mwalimu: Figo Haipimwi kwa Debe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Mdogo wangu figo zote mbili zimefeli, anasafishwa damu Dodoma mara tatu kwa wiki. Nilijitolea kumpa yangu, vipimo vikaonyesha mimi ni kundi A na yeye ni B. Mke wake ni O, ila ana mtoto mchanga na wazee wanasema asiguswe. Sasa kwenye benchi la kusubiri nimefahamiana na mama mmoja wa Manyoni: mgonjwa wao ni A, kaka yake aliyejitolea ni B. Kwa nini tusibadilishane? Na kama hilo gumu, kwa nini figo isiwe na bei kama mzigo mwingine wowote? Nasikia kuna mtu alipewa Nobel kwa mambo haya. – Dalali, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza.

Nianze na bei, maana dalali hawezi kutulia mpaka aijue. Sokoni kwenu mahindi yakiadimika bei inapanda, aliyefungia magunia Kiteto anafungua ghala, na anayeona ni ghali anasubiri. Bei inaita mzigo, na papo hapo inaamua nani apate. Kwenye figo, nchi karibu zote zimekataa pesa iamue nani apate. Marekani ilipiga marufuku biashara ya viungo kwa sheria ya 1984. Iran ndiyo iliyoruhusu malipo kwa utaratibu wa serikali, tangu 1988, na wanaouza kule wengi wao ni maskini. Wapo wanauchumi wenzangu wanaoitetea njia hiyo, na hoja yao si ya kijinga, kwa sababu malipo huongeza watoaji. Lakini mimi nikimfikiria mkulima wa Bahi baada ya msimu wa ukame, mkopo unamdai, najua figo itakayofika sokoni kwanza ni ya nani.

Bei ikiondoka, kunabaki kubadilishana mali kwa mali, na ugumu wake unaujua: lazima umpate mwenye unachotaka, naye awe anataka ulichonacho. Wewe umempata kwenye benchi, kwa bahati. Kazi ya wanauchumi ilikuwa kupunguza hiyo bahati. Uliyemsikia ni Alvin Roth, aliyepata Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Mwaka 1974 Shapley na Herbert Scarf walichapisha hesabu ya watu wanaobadilishana nyumba bila pesa. Kila mmoja anamnyooshea kidole mwenye nyumba anayoitaka kuliko zote. Lazima patokee mduara mahali fulani. Walio kwenye mduara wanabadilishana na kuondoka, waliobaki wanaanza upya. Mwaka 2004 Roth na Waturuki wawili, Tayfun Sönmez na Utku Ünver, waliweka figo mahali pa nyumba, kisha wakakaa na madaktari wa New England kuanzisha mpango wenyewe. (Tusijisifu sana: madaktari wa Korea Kusini walikuwa wameanza kubadilishana tangu 1991, bila kumsubiri mwanauchumi yeyote.)

Kwa hiyo wazo lako ni zuri. Ila liangalie kwa jicho la biashara. Tuseme leo umetoa figo yako kwa mgonjwa wa Manyoni, kesho yule kaka akaingiwa na hofu. Utamshitaki wapi? Hakuna hakimu wa kumlaza mtu mezani apasuliwe. Ndiyo maana kwa kawaida operesheni zote nne hufanyika kwa wakati mmoja, yaani vyumba vinne na timu nne. Familia tatu zikiungana zinahitajika sita. Njia ya kupunguza mzigo huo ilipatikana Marekani 2007: akitokea mtu wa kujitolea asiye na mgonjwa, mnyororo unaanzia kwake, na kila familia inapokea kwanza ndipo itoe. Hapo hata mmoja akikimbia, hakuna familia iliyotoa figo bila kupokea ya kwake.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo Dodoma, ilianza kupandikiza figo 2018, kwa ushirikiano na Wajapani wa Tokushukai, kundi la hospitali za kwao, ikitegemea ndugu walio hai. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwa daktari wa figo liwe hili: mnapokea mtoaji asiye ndugu wa mgonjwa, kama naye ndugu yake anapewa? India waliweka jambo hilo wazi kwenye sheria yao 2011. La pili, mwambie mama wa Manyoni asishangilie bado. Makundi kulingana ni hatua ya mwanzo tu. Kuna kipimo cha kuangalia kama kingamwili za mgonjwa zitaishambulia figo ya mgeni, na mtu aliyeongezewa damu mara nyingi, au mwanamke aliyewahi kubeba mimba, huwa nazo zaidi.

Sasa shemeji yako, uliyempitia kwa mstari mmoja. Mtu wa O anaweza kumpa wa kundi lolote, lakini mgonjwa wa O hupokea kutoka kwa O tu. Watoaji wa O huwapa ndugu zao moja kwa moja, hawaji kwenye kubadilishana, na wagonjwa wa O wanarundikana kwenye orodha. Ninyi mnaye O ndani ya nyumba na mgonjwa wenu ni B. Kwa hesabu tupu ningesema mduara wa nini?

Lakini siyo hesabu tupu. Hospitali nyingi humhoji mtoaji peke yake, bila mume wala wakwe, na akisema hataki, familia inaambiwa tu kwamba hafai kitabibu. Basi wazee wasimsemee, na wewe usimsemee. Mtoto akishakua kidogo, aende mwenyewe kwa daktari kama atapenda. Jibu litakaloletwa mlipokee, msiulize kwa nini. Kwa sasa wewe na yule mama ombeni miadi ya pamoja.